Kivuli cha Chini: Uoto, Jua na Joto la Udongo Shinyanga na Geita

Habari za Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mradi ulioanza 1986, husimuliwa kwa hekta. Ngitili ni maeneo ambayo Wasukuma huyafunga masika ili malisho yaote, kisha huyafungulia mifugo kiangazi. Mwaka mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana rasmi zilifika hekta 600 hivi tu; baadaye zikahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na 2002 mradi ukapata Tuzo ya Equator. Sibishani na hekta hizo. Ninachodai ni kwamba hazisemi jua kiasi gani linafika ardhini, na kwamba udongo wa Shinyanga hukingwa zaidi na nyasi na majani makavu yaliyoulalia kuliko na matawi yanayoonekana kwa mbali.

Shinyanga iko chini ya nyuzi nne kusini mwa ikweta. Siku isiyo na wingu, adhuhuri, kila mita ya mraba iliyo wazi hupokea karibu wati 1,000 za mionzi. Mtu angetarajia mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, iwake kuliko luseni, mchanga mweupe wa miinukoni, kwa kuwa mchanga mkavu huweza kurudisha angani hata theluthi ya mwanga. Lakini rangi peke yake haiamui. Mbuga ikiwa na unyevu, joto jingi huishia kuyafanya maji kuwa mvuke, na gramu moja tu humeza zaidi ya juli 2,400. Luseni iliyokauka haina maji ya kugharamia kazi hiyo, na hewa iliyojaa kati ya chembe zake huzuia joto lisishuke. Basi joto hurundikana juu, hata kupita nyuzi 50, ilhali nusu mita chini udongo hautambui usiku wala mchana. Mchungaji aliyevaa katambuga za tairi anaijua sehemu ya kwanza ya somo hili kwa nyayo zake.

Hapo ndipo wakati unapoleta tatizo. Jua hupita utosini mwa Shinyanga mwanzoni mwa Oktoba, mvua ikiwa bado. Migunga mingi wakati huo imepukutisha majani, na kivuli chake ni kama cha wavu. Kilichobaki kuzuia mwanga ni mabua ya nyasi na takataka za majani, pamoja na hewa iliyonaswa ndani yake. Ngitili iliyolishwa hadi ikawa kipara kufikia mwezi huo bado ina miti yake, na mkaguzi ataiandika kuwa imehifadhiwa, ilhali udongo wake unaungua. Mboji iliyoachwa wazi hukauka, na mvua za kwanza zikiangukia udongo uliopashwa joto hivyo, inayobaki huoza upesi. Ndiyo maana desturi ya kufungua ngitili kipande kwa kipande naiona yenye busara kuliko mipango mingi iliyokuja baadaye.

Yapo ya kupinga. Nyasi kavu ni chakula cha moto, na moto ukipita huacha masizi meusi yanayomeza mwanga zaidi. Tena kumwambia mwenye ng'ombe wenye njaa aache mabua Septemba ni rahisi kwa asiye na ng'ombe. Gharama hiyo ni ya kweli.

Geita sura ni nyingine. Huko miti huondoka kwa mkaa na kwa matimba, magogo ya kuegemeza maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, na vifusi hubaki juani bila udongo wa maana. Kupanda miche moja kwa moja juu ya kifusi ni kuanza mwisho: mche mchanga huweza kuungua shingoni, pale shina linapogusa ardhi, hata kama umemwagiliwa. Nyasi na matandazo vitangulie, mti ufuate. Hili halihitaji teknolojia; linahitaji mtu asiye na haraka ya kupigwa picha na jembe mkononi.

Tukirudi Shinyanga, taratibu za ngitili hutungwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na ndiyo inayoweza kuweka kiwango cha majani ya kubaki hadi mvua. Wataalamu wanaokagua ngitili wasije Aprili, kila kitu kikiwa kijani. Waje juma la kwanza la Oktoba, saa nane mchana, na kipimajoto cha kuchomeka sentimita tano ardhini.