Kasubi na Kawaala: Maji, Ardhi na Haki

Kasubi ni mtaa wa kilimani katika divisheni ya Rubaga, Kampala. Umaarufu wake watokana na makaburi ya wafalme wa Buganda. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga kasri lake hapo mwanzoni mwa miaka ya 1880, akazikwa humo mwaka 1884, na makabaka watatu wa baadaye wakazikwa hapo pia. UNESCO ililiandikisha eneo hilo kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea kwa moto Machi 2010, kisha ikajengwa upya.

Chini ya kilima, upande wa mtaa jirani wa Kawaala, limelala bonde la Lubigi. Maji ya mvua kutoka sehemu kubwa ya kaskazini mwa jiji, mtaa wa Bwaise ukiwemo, huteremkia huko. Kadiri vilima vilivyojaa mabati na lami, ndivyo mafuriko yalivyozidi mabondeni, ambako wenye kipato kidogo walipata mahali pa kujenga na kupanda magimbi na migomba. Wengi katika mitaa ya namna hiyo wanakaa juu ya vibanja, yaani viwanja wanavyomiliki bila hati miliki, na ushahidi wao ni hati ya mauzo iliyogongwa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Karatasi hiyo inaheshimiwa mtaani, lakini mbele ya mradi mkubwa mwenye nayo hulazimika kujieleza upya.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa awamu ya pili ya mradi wa miundombinu ya Kampala, uliosimamiwa na Mamlaka ya Jiji, KCCA. Upanuzi wa mfereji wa Lubigi, unaopitisha maji ya mvua bondeni, ulikuwa sehemu yake. Desemba 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, wakazi wa Kawaala Zone II walipewa notisi ya kuhama ndani ya siku 28 ili kupisha upanuzi huo. Walilalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo wala kulipwa fidia ya haki.

Wakazi walijipanga, wakachagua wawakilishi, na kwa msaada wa mashirika ya Witness Radio na Accountability Counsel wakawasilisha malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia Juni 2021. Shauri lao lilipelekwa kwenye usuluhishi, likawa miongoni mwa mashauri ya kwanza kupitia huduma mpya ya benki hiyo ya kusuluhisha migogoro. Wakazi na KCCA wakaketi meza moja, na mazungumzo yakazaa makubaliano.

Katiba ya Uganda ya 1995 inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya mali kuchukuliwa (ibara ya 26), na inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya (ibara ya 39). Mkazi wa bondeni anazistahili zote mbili. Mfereji unaomkinga na mafuriko haumwondolei haki ya kulipwa kwa nyumba na shamba lake, na kudai malipo hayo si kupinga maendeleo. Kawaala imeonyesha kwamba wenye vibanja wakiungana, wanaweza kusikilizwa hata na mkopeshaji aliye ng'ambo.