Nguvu ya Karatasi na Uhai wa Maandishi

0. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, neno mukanda hutumika kwa barua na hata kwa kitabu. Waswahili wa pwani husema karatasi, neno lililopitia Kiarabu na ambalo asili yake ni Kiyunani. Lakini mfuko wa saruji, ukurasa wa gazeti, boksi la sabuni na daftari la mwanafunzi, ingawa vyote huitwa karatasi, havikutengenezwa kwa njia moja wala havizeeki kwa namna moja. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi tofauti hizo zilivyozuka, na kwa nini zinamhusu mtafiti wa maandishi ya Kiswahili.

1. Karatasi ya matambara

Hadi katikati ya karne ya 19, karatasi za nchi za Kiislamu na za Ulaya zilitengenezwa hasa kwa matambara ya kitani na pamba. Matambara yalipondwa ndani ya maji mpaka nyuzi zikaachana. Nyuzi zikachotwa kwa chekecheo, zikakamuliwa na kuanikwa. Mwishowe karatasi ilipakwa wanga au gundi ya ngozi ili wino usisambae. Nyuzi hizo ni ndefu, na hazina lignini, yaani kile kiini kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, iliyohifadhiwa Hamburg, ni ya enzi hiyo.

2. Karatasi ya gazeti na karatasi ya ofisi

Mwaka 1799 Mfaransa Nicolas-Louis Robert alipata hataza ya mashine ya kutengeneza karatasi mfululizo. Uzalishaji ulipoongezeka, matambara hayakutosha. Ndipo mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller, huko Saxony, alipofaulu kutengeneza rojo kwa kusaga gogo juu ya jiwe lenye maji. Kwa njia hiyo karibu mti wote hugeuka karatasi, pamoja na lignini yake. Nyuzi hukatika zikawa fupi, na lignini hugeuka rangi ya manjano inapopigwa na mwanga. Tena, tangu 1807, Moritz Illig alikuwa ameonyesha namna ya kuzuia wino usisambae kwa kutumia ulimbo na shabu. Shabu hiyo huzaa asidi, nayo asidi hukata nyuzi polepole.

Karatasi ya gazeti ni mtoto wa rojo hilo la kusagwa. Ni nyepesi (kama gramu 45 kwa mita mraba), hunywa wino upesi na ni rahisi. Yaliyochapwa upande mmoja hayaonekani sana upande wa pili. Inafaa kwa kazi ya siku moja. Karatasi ya ofisi, ambayo kwa kawaida ina gramu 80, hutokana na rojo lililopikwa kwa dawa mpaka lignini ikatoka, kisha likafanywa jeupe na kutiwa chokaa au udongo mweupe ili uso wake uwe laini.

3. Karatasi ya kaki na boksi

Kufunga bidhaa kulidai sifa nyingine. Mwaka 1879 Carl Dahl, mkemia wa Danzig (leo Gdańsk, nchini Polandi), alibuni njia ya kupika vipande vya mti kwa magadi makali na chumvi za salfa. Njia hiyo huyeyusha sehemu kubwa ya lignini bila kuzivunja nyuzi ndefu. Karatasi yake iliitwa kraft, yaani «nguvu» kwa Kijerumani. Rangi yake ya kaki yatokana na mabaki ya lignini ambayo hayakuondolewa. Tabaka kadhaa za karatasi hiyo zatosha kubeba kilo 50 za saruji.

Boksi lina historia yake. Karatasi ya mikunjo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1856, kwa ajili ya kutandika kofia ndefu kwa ndani. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York aliitumia kufungia chupa. Mwaka 1874 Oliver Long akaibandika kwenye karatasi laini. Nguvu ya boksi haitoki katika unene, bali katika umbo: kila mkunjo ni tao dogo linalogawanya uzito.

4. Nguvu si maisha marefu

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili. Karatasi ya kaki ina nguvu ya kustahimili mvuto, lakini aina nyingi zake zina lignini na asidi. Hivyo haifai kufungia hati za kale kwa miaka mingi. Karatasi ya ofisi isiyo na asidi hupasuka upesi mkononi, ila katika kabati inaweza kudumu karne kadhaa. Kipimo cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706, kilitolewa mwaka 1994.

Jambo hili si dogo kwa Kongo. «Vocabulaire de ville de Elisabethville», historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, ilipigwa taipu na kurudufiwa. Karatasi ya kurudufia hutengenezwa ili inywe wino upesi, si ili idumu. Maandishi hayo yaliokolewa kwa kunakiliwa: Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyachapisha kitabuni mwaka 1990.

5. Hitimisho

Mifuko ya saruji ilipewa karatasi imara kuliko ile iliyopewa kumbukumbu za wafanyakazi. Sababu ni bei: mfuko ukipasuka hasara huonekana papo hapo, bali ukurasa ukioza hasara huonekana baada ya kizazi. Kwa hiyo, mtafiti apatapo barua, kijitabu cha kanisa au gazeti la zamani, aulize kwanza limeandikwa juu ya nini. Jibu ndilo litakalomwambia amebakiwa na muda gani wa kulinakili.