Kutoka Kilo 270 Hadi Kwenye Mkono: Safari ya Kipimo cha Moyo

Leo tuweke kando mambo ya programu na seva, tuongee historia kidogo. Hapa Dandora saa janja zimejaa siku hizi, kuanzia Phase 1 hadi Phase 5, na swali ninaloulizwa ni lile lile: hiyo taa ya kijani chini ya saa inafanya nini, na je, inaweza kuniambia kama moyo wangu una shida? Jibu fupi ni kwamba inategemea saa yenyewe. Jibu refu linaanzia Uholanzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, katika mji wa Leiden, Willem Einthoven aliunda mashine ya kupima umeme wa moyo. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha! Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa mashine haikubebeka hadi hospitalini, Einthoven alitumia waya wa simu kuleta umeme wa moyo wa mgonjwa hadi maabara yake, umbali wa kilomita 1.5 hivi. Huo ulikuwa mwaka wa 1905. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1924.

Tatizo lilibaki moja, na kila mtu anayetunza seva atalielewa haraka. Kipimo cha kawaida cha hospitali hurekodi kama sekunde 10 tu. Sasa, kuna ugonjwa unaoitwa fibrileshoni ya atria: vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, damu inatuama, inaganda, na bonge likipanda hadi kwenye ubongo, mtu anapata kiharusi. Ugonjwa huu mara nyingi huja na kwenda. Kuutafuta kwa sekunde 10 ni sawa na kuchungulia seva mara moja kwa mwaka halafu useme haijawahi kuzima.

Mmarekani Norman Holter aliliona hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alitengeneza kifaa cha kubebwa mgongoni chenye uzito wa kilo 38 hivi, kilichotuma mapigo ya moyo kwa redio mtu akiwa kwenye shughuli zake. Hicho ndicho babu wa saa yako.

Saa janja haisomi umeme muda wote. Taa ya kijani humulika ngozi, damu hufyonza rangi hiyo, na sensa hupima mwanga unaorudi. Kila pigo hubadilisha mwanga huo, na programu huhesabu muda kati ya pigo na pigo. Muda ukiruka ruka bila mpangilio, programu inashuku. Katika utafiti wa Apple uliochapishwa Novemba 2019, sampuli 5 kati ya 6 zilipaswa kuonyesha fujo ndipo mtu apewe onyo. Washiriki walikuwa 419,297. Waliopata onyo ni asilimia 0.52 pekee, na kati ya 450 waliovaa kibandiko cha kupima umeme wa moyo baadaye na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa na ugonjwa.

Lakini wote hao walikuwa wakazi wa Marekani wenye saa ya bei. Sisi je?

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti waliwapima wazee 2,232 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2012: walioonekana na ugonjwa ni asilimia 0.67 tu, kiwango cha chini mno ukilinganisha na nchi tajiri. Unaweza kushangilia, ila kumbuka zile sekunde 10! Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulijaribu kifaa cha AliveCor katika Hospitali ya Kijabe kwa watu wazima 50. Hicho unakigusa kwa vidole vya mikono yote miwili, na simu inachora mawimbi. Ulionyesha kwamba kifaa kama hicho kinaweza kutumika hata mahali penye uhaba wa mashine kubwa.

Mwaka huo huo wa 2017, utafiti wa Hospitali ya Moi, Eldoret, ulionyesha jambo ambalo hakuna saa itakayokuambia. Wagonjwa ambao fibrileshoni yao ilitokana na valvu zilizoharibika walikuwa na umri mdogo kwa mbali kuliko wale wengine. Chanzo kikubwa cha uharibifu huo Afrika ni homa ya baridi yabisi, inayoanza na maumivu ya koo ya mtoto ambayo hayakutibiwa, hasa pale familia inapobanana kwenye chumba kimoja. Wakazi wa Eastlands, hapo tunaelewana.

Kwa hivyo, ndugu zangu, msiitupe saa, lakini jueni mipaka yake. Nyingi za bei nafuu huhesabu mapigo tu. Hazichunguzi mpangilio wake. Saa kunyamaza si ushahidi kwamba u mzima. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa dakika moja. Ukisikia mapigo yanaruka ruka bila mpangilio, nenda ukapimwe umeme wa moyo. Na mtoto akilalamika koo siku mbili tatu, mpeleke kliniki. Penisilini ni ya zamani kuliko saa zote hizi, na bado inaokoa mioyo.

Haya, tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini!