Asili ya Jina Gladys

Katika miaka mingi ya kuita majina darasani, ni nadra nilipofungua daftari la mahudhurio nikamkosa Gladys. Wazazi wengi walilihesabu kuwa jina la Kiingereza. Wengine walidhani ni ndugu wa Gladness, yaani furaha, jina linalopendwa sana kwa jirani zetu wa Tanzania. Sivyo. Gladys ni jina la Kiwelshi, lugha ya Wales, nchi ndogo iliyopakana na Uingereza upande wa magharibi.

Wenyewe huliandika Gwladys au Gwladus, na wapo wataalamu wanaolihusisha na neno gwlad, maana yake nchi. Mapokeo ya kanisa lao humtaja Mtakatifu Gwladys, mama wa Mtakatifu Cadog. Baadaye alikuwapo Gwladus Ddu, yaani Gwladus Mweusi, binti wa mtawala Llywelyn Mkuu. Alifariki mwaka 1251, na katika kizazi chake alitoka Edward wa Nne, aliyetawazwa mfalme wa Uingereza mwaka 1461. Basi mwenye jina hili asidhani amepewa makombo.

Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walilipenda, wakaliondolea herufi w, wakawaita binti zao. Kwetu liliingia kwa njia ya ubatizo na shule. Huko Uingereza limekuwa jina la mabibi. Hapa Kenya bado lina nguvu. Gladys Cherono alishinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 2015, 2017 na 2018.

Lakini kuna jambo linalonitafakarisha mimi niliyekuwa mwalimu. Katika karne hiyo hiyo ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyesema Kiwelshi alivikwa shingoni kibao chenye herufi W.N. Kibao kilihamia kwa mwenzake aliyenaswa akisema lugha hiyo, na aliyebaki nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Haikuwa sheria ya serikali. Ilikuwa desturi ya walimu, na miongoni mwao walikuwamo Wawelshi wenyewe.

Nasi adhabu ya namna hiyo tuliijua. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986. Mimi nami nilivaa kibao nikiwa mwanafunzi, kwa kosa la kumwomba mwenzangu kalamu kwa lugha ya mama yangu.

Hivyo jina la Wawelshi lilipendwa sebuleni, huku lugha yao ikiadhibiwa darasani. Lakini hawakuiacha ife, na sheria ya mwaka 2011 iliitambua kuwa lugha rasmi ya Wales.

Ndugu mzazi, mwite mwanao Gladys. Ni jina la heshima. Ila mweleze lilikotoka, na umweleze kwa lugha ya bibi yake, ili naye ajue kwamba watu waliotupa jina hilo waliipigania yao.