Neno Moja Lililomtisha Mzee Wangu

Wiki jana niliposti hivi: "Chuo niliacha, lakini mwaka huu lazima tupindue meza." Dakika kumi baadaye mzee akanipigia. "Kijana, futa hilo neno."

Buda, si ni meza tu? Nikaamua kulichimba.

Mama yake ni pinda, yaani kukunja kitu kisikae wima. Ndiko tunapata upinde, na pindo la leso. Ukiongeza -ua kwenye kitenzi, mara nyingi unatengua kazi: funga, fungua, kunja, kunjua. Lakini pindua hainyooshi kilichopinda. Inaleta chini juu. Mashua ikizidiwa na mawimbi, imepinduka. Hata kipindupindu kimetoka ukoo huohuo, na anayekijua anajua kinavyomgeuza mtu kwa saa chache.

Halafu siasa ikalichukua. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, serikali ya Sultani Jamshid iliangushwa Zanzibar. Yakaitwa Mapinduzi. Maelfu waliuawa au kukimbia, lakini hadi leo ni sikukuu. TANU na ASP zilipoungana 1977, zikajiita Chama Cha Mapinduzi. Huko neno liko kwenye jina la chama.

Sasa rudi Kenya. Jumapili, 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliteka redio ya taifa wakatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio likazimwa siku hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Hezekiah Ochuka, aliyeliongoza, alinyongwa 1987 kwa uhaini. Mzee wangu alikuwa na miaka kumi, Nairobi. Anakumbuka watu wazima wakitembea barabarani mikono juu, kitambulisho kimeinuliwa.

Hapo ndio nikashika. Mimi nikisikia pindua naona timu iliyofungwa mbili ikishinda tatu. Yeye anaona ile mikono.

Kiswahili hakikutupa neno moja la ushindi na lingine la uhaini. Yote ni mapinduzi. Neno linasema tu kwamba cha chini sasa kiko juu. Haliulizi nani alikuwa ndani ya mashua.

Posti sikufuta. Niliongeza tu: "Meza yangu mwenyewe, mzee." Akajibu, "Sawa. Na urudi chuo."

Wewe je, kwenu hili neno linamkumbusha nani nini? Uliza wazee leo jioni, kabla hujaposti.