Milima ya Hajar na Nisba Zetu

Kila mwaka, joto la Maskati linapoanza kuchoma, familia nyingi zinazosema Kiswahili hufunga safari kwenda Jabal Akhdhar. Hupita Samail, wakafika Birkat al-Mawz chini ya mlima, na hapo polisi huruhusu magari ya fowili pekee yaendelee kupanda. Juu, katika uwanda wa Saiq ulio kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni baridi. Watu hupiga picha, hununua makomamanga na marashi ya mawaridi, kisha hushuka. Wengi wao wamekanyaga ardhi ya mababu zao bila ya kuambiwa.

Jabal Akhdhar ni sehemu ya milima ya Hajar, iliyoanzia Musandam kaskazini ikateremka hadi karibu na Ras al-Hadd, masafa ya kilomita 700 hivi. Kilele chake kirefu, Jabal Shams, hukaribia mita 3,000. Mawe yake mengi yalifanyika chini ya bahari, na mpaka leo mtu huokota juu huko mawe yenye alama za kombe na viumbe wengine wa baharini.

Uhai wa milima hii ni maji. Mvua inayonyesha vileleni huzama katika miamba, na watu wa kale wakachimba mifereji ya kuyatoa maji hayo hadi mashambani bila ya mashine yoyote. Hiyo ndiyo falaji. Oman ina falaji zaidi ya 3,000 zinazotumika hadi sasa, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia, mojawapo ikiwa Falaj Daris ya Nizwa. Maji hugawiwa kwa zamu, na kipimo chake huitwa athar, nacho ni nusu saa. Zamu hurithiwa, huuzwa na huwekwa wakfu kama ilivyo shamba.

Hapo ndipo ilipo sababu moja ya uhamaji wetu. Ukame ukizidi miaka mfululizo, falaji hupungua na mitende hufa. Fungu la maji linalogawanywa kwa warithi wengi halimtoshi kila mmoja. Kijana aliyebaki na athar moja alikuwa na njia ya kuteremka Wadi Samail, akapanda jahazi, akaifuata kaskazi mpaka Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu.

Jina lake lilibaki na mlima. Riyami hurejea kwa Bani Riyam wa Jabal Akhdhar. Abri hurejea kwa watu wa al-Hamra na Misfat. Kharusi hurejea kwa Wadi Bani Kharus, upande wa kaskazini wa milima hiyohiyo. Kutoka bonde hilo alitokea Sheikh Nasir bin Abi Nabhan al-Kharusi, mwanachuoni aliyefuatana na Sayyid Said bin Sultan, akafariki Unguja mwaka 1847. Miongoni mwa aliyoyashughulikia ni elimu ya mimea ya Sawahil. Mtu wa milimani alikuja pwani akaisoma miti yake.

Lugha nayo imeweka kumbukumbu. Koma ni tunda la mkoma, na Manga ni jina walilolitumia watu wa pwani kwa Arabuni, hasa Oman. Kwa hiyo kila anayesema "komamanga" anautaja upande ule. Na mrashi unaozungushwa katika harusi na maulidi ya Unguja una ndugu yake Saiq, ambako mawaridi huchumwa alfajiri mwezi wa Aprili na kupikwa ili kutoa marashi.

Tusiusome mlima kwa uzuri wake tu. Baina ya 1957 na 1959, vita vya Imamu Ghalib bin Ali na Sultan Said bin Taimur, aliyesaidiwa na Waingereza, vilimalizikia juu huko. Kijiji cha Tanuf kilipigwa kwa mabomu ya ndege za Uingereza, na magofu yake yapo mpaka leo kando ya wadi. Miaka mitano baada ya vita hivyo kwisha yalitokea mapinduzi ya Zanzibar, na watu wa nisba hizohizo wakawa wakimbizi kwa upande wa pili. Zipo familia ambazo zilipoteza nyumba pande zote mbili za bahari katika umri wa mtu mmoja.

Nyumba za udongo na mawe za Wadi Bani Habib zinaanguka, ilhali hoteli zinajengwa majabalini. Wazee wanaojua ni falaji gani iliyomnywesha babu, na nani alinunua fungu lake alipohama, wanapungua. Atakayepanda mlima mwaka huu na achukue daftari pamoja na kamera. Ayaandike jina la kijiji, jina la falaji na jina la aliyebaki nyuma, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, ili mjukuu aliyezaliwa London au Dubai aweze kuyasoma.