Ulaya Ilivyopanda Miti Ikavuna Joto

Mwaka 1713, mjini Leipzig, kilichapishwa kitabu cha mzee mmoja wa migodi. Hans Carl von Carlowitz alisimamia migodi ya fedha huko Freiberg, katika dola ya Saxony, Ujerumani ya leo, na jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa uhaba wa miti. Mahandaki ya migodi yalihitaji nguzo za kuyazuia yasiporomoke, tanuru za kuyeyusha madini zilikula mkaa mchana na usiku, na vilima vya jirani vilikuwa vimebaki vipara. Ushauri wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata: usikate kupita kile kinachoota upya.

Wasomi wa misitu wanamheshimu hadi leo kwa neno hilo. Lakini swali la mti gani uote upya lilijibiwa na soko.

Kati ya mwaka 1750 na 1850 Ulaya ilipoteza misitu ya kilomita za mraba 190,000. Kisha makaa ya mawe yakachukua nafasi ya kuni viwandani na majumbani, na upandaji ukashika kasi. Tangu 1850 zimerudi kilomita za mraba 386,000, hivyo bara hilo sasa lina misitu mingi kuliko lilivyokuwa nayo mwaka 1750. Ukiishia hapo, utasema Ulaya imefaulu.

Ingia ndani ya misitu hiyo uone. Zamani ilitawaliwa na miti ya majani mapana, kama mwaloni, ambayo hupukutisha majani kila mwaka. Mwaloni unachukua zaidi ya miaka mia kufaa kwa mbao kubwa. Msonobari na ndugu yake sprusi, wenye majani membamba kama sindano, hukua upesi, hunyooka na huvumilia udongo duni. Mwenye shamba la miti alichagua kile ambacho yeye au mwanawe angewahi kukiuza. Miche ikapandwa kwa mistari, ya rika moja na aina moja. Katika miaka 250 miti ya sindano iliongezeka kwa kilomita za mraba 633,000, huku ile ya majani mapana ikipungua kwa 436,000.

Si kila mahali msonobari uliufukuza mwaloni. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika nchi ya Landes, palikuwa na mbuga tambarare zilizojaa maji, na wachungaji walitembea juu ya mironjo ili wavuke tope na kuwaona kondoo kwa mbali. Sheria ya mwaka 1857, enzi ya Napoleon wa Tatu, iliamuru vijiji vikaushe mbuga hizo na kupanda miti. Malisho yakageuka msitu mkubwa wa misonobari, utomvu na mbao vikaleta fedha, na maisha ya mironjo yakafifia.

Hesabu ya hali ya hewa ilikuja baadaye sana. Mwaka 2016 mtafiti Kim Naudts na wenzake, wakifanya kazi Gif-sur-Yvette karibu na Paris, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuifuatilia misitu ya Ulaya tangu 1750. Waliona kwamba mabadiliko ya aina za miti ndiyo hasa yaliyopandisha joto la hewa ya karibu na ardhi, wakati wa kiangazi, kwa nyuzi 0.12. Nyuzi hizo ni chache, lakini zimeongezwa na kitu ambacho kila mtu alitarajia kipunguze joto.

Sababu zake zinaeleweka. Majani ya msonobari ni meusi zaidi, hivyo hufyonza mwanga wa jua ambao majani mapana yangerudisha angani. Tena miti ya sindano ni bahili wa maji: hutoa mvuke kidogo, na mvuke ndio unaoipoza hewa. Juu ya hayo, ukataji wa mfululizo, pamoja na kuzoa magogo yaliyooza na takataka za msituni, umeiacha misitu ya Ulaya na deni la tani bilioni 3.1 za kaboni, yaani kaboni iliyotoka msituni na bado haijarudi, ingawa eneo lake limeongezeka.

Kiangazi kikali cha 2018 kilionyesha hatari nyingine. Katika milima ya Harz, Ujerumani, sprusi zilizodhoofishwa na ukame zilivamiwa na mbawakawa wanaotoboa magome, na miteremko mizima ikakauka. Sasa maofisa wa misitu wanapanda mchanganyiko, na miti ya majani mapana inarudishwa.

Elimu hiyo ya misitu ilifika kwetu Tanzania pia. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilitoa sheria yake ya kulinda misitu mwaka 1904, na leo misonobari imefunika vilima vya Sao Hill huko Mufindi. Mbao zake zinatujengea nyumba, wala sizibezi. Takwimu za Ulaya haziwezi kuhamishiwa kwenye jua na mvua zetu, lakini kosa lake tunaweza kuliepuka. Kila kampeni ya kupanda miti hutangaza idadi ya miche. Wananchi tudai kuambiwa pia ni miti gani, inapandwa wapi na inakunywa maji kiasi gani, kabla mche wa kwanza haujaingia ardhini, kwa sababu uamuzi huo watakaoishi nao ni wajukuu.